Usukani ukilegea, kagua bushi za reki kabla ya kununua reki nzima

WENYE magari ya michezo mkoani Mtwara si wengi, lakini wapo, na mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Subaru Impreza na Toyota Altezza ni mifano ya magari hayo. Yote mawili yaliundwa Japani kwa ajili ya dereva anayetaka gari linaloitikia mkono wake papo hapo, na mengi yamefika nchini yakiwa yametumika.

Baada ya miaka kadhaa ya kutembea katika barabara za kusini, mwenye gari huanza kulalamika. Usukani hauna tena ukali wake. Gari linachelewa kugeuka, linatangatanga kwenye mwendo wa kasi, na kila likipita kwenye matuta ya rasta husikika mgongano mdogo chini ya miguu ya dereva. Akifika gereji huambiwa kwamba reki imekwisha, na kwamba inafaa kutafutwa nyingine iliyotumika.

Huenda ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi reki yenyewe bado ni nzima, na kilichokufa ni vipande viwili au vitatu vya mpira vinavyoishikilia. Vipande hivyo ni rahisi sana kuliko reki, na katika baadhi ya magari hubadilishwa nyumbani kwa siku moja na mtu mwenye zana za kawaida na subira. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua ugonjwa huo, namna ya kuitekeleza kazi hiyo kwa usalama, na mahali ambapo mwenye gari anapaswa kusimama na kumwachia fundi.

Kazi ya bushi

Magari mengi ya leo hugeuzwa kwa mfumo wa reki na pinioni. Chini ya mhimili wa usukani kuna gia ndogo, ndiyo pinioni, ambayo meno yake yameshikana na meno ya fimbo ndefu ya chuma iliyolala kwa upana wa gari. Dereva akizungusha usukani, fimbo hiyo husogea kushoto au kulia ndani ya ganda lake na kuyavuta au kuyasukuma magurudumu ya mbele kwa kupitia tairodi. Malori na Land Rover za zamani zilitumia mfumo tofauti, wa stelingi boksi, ndiyo maana hadi leo wapo mafundi wanaoiita hata reki kwa jina hilo. Msomaji asishangae akilisikia.

Ganda la reki halikufungwa chuma kwa chuma kwenye fremu ya mbele, yaani krosimemba. Kati yake kuna bushi za mpira. Mpira huo humeza mitikisiko midogo isimfikie dereva mikononi, na huzuia kelele. Wakati huohuo unatakiwa kuwa mgumu kiasi cha kulifanya ganda lisisogee hata kidogo pembeni, kwa kuwa kila milimita ambayo ganda linasogea ni milimita ambayo magurudumu hayakugeuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue gari ambalo reki yake husogea milimita 50 kwa mzunguko mmoja kamili wa usukani. Ikiwa bushi zimelegea na ganda linacheza milimita 2 tu, dereva atazungusha usukani takriban nyuzi 14 kabla ya magurudumu kupata habari. Kwenye usukani wenye kipenyo cha sentimita 38, hizo ni karibu sentimita 5 za ukingo wake ambazo mkono unapita bure. Kwenye gari la familia dereva anaweza kuzoea hali hiyo bila kujua. Kwenye gari lililonunuliwa kwa ajili ya wepesi wake wa kugeuka, sentimita 5 ni kasoro kubwa, na kwenye kona yenye lori linalotoka upande wa pili ni hatari ya kweli.

Kwa nini mpira hufa

Mpira wowote huzeeka. Joto la injini huukausha na kuupasua, na magari haya mengi yana umri wa kutosha kwa bushi za kiwandani kuwa zimechoka hata kama hayajawahi kuikanyaga barabara mbovu. Altezza zilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, ambazo bado zinapendwa, ni za miaka ya 1990 na 2000.

Mtwara inaongeza mambo yake. Kwa miaka mingi safari ya Dar es Salaam ilikuwa mtihani wa kila kiungo cha gari. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, cha takriban kilomita 60, ndicho kilichochelewa zaidi kutiwa lami. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyohiyo ya kusini na kuyalazimisha magari kupita kwenye michepuko. Kwa upande wa bara, dereva anayekwenda Newala kwa kupitia Tandahimba anajua changarawe zilizojikunja mawimbi zinavyoweza kuufanya usukani utetemeke kwa saa nzima bila kupumzika. Mtetemo wa namna hiyo huichosha bushi kuliko shimo moja kubwa.

Kisha kuna chumvi. Anayeishi Shangani au Mikindani hupata upepo wa bahari usiku na mchana. Anayependa kushuka Msimbati mwisho wa wiki, na wapo wanaoendesha magari juu ya mchanga wa ufukweni, hurudi na maji ya chumvi na mchanga laini vikiwa vimejibana katikati ya kibano na mpira. Chumvi haiuli mpira moja kwa moja. Inakula chuma kilicho chini yake, kutu inavimba na kuwa na makwaruzo, na kila reki inaposukumwa makwaruzo hayo huusaga mpira kama msasa.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni mafuta. Mpira wa asili ukilowa mafuta ya injini au ya pawa stelingi huvimba, hulainika na hatimaye huvunjika kama ugali uliolowa mchuzi. Kwa Impreza jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu silinda zake zimelala ubavuni na mafuta yanayovuja kwenye gasketi za vifuniko vya valvu hudondoka moja kwa moja katika maeneo ya chini. Kubadilisha bushi bila kuziba uvujaji huo ni kununua bushi nyingine mapema.

Kupima kabla ya kununua

Usukani uliolegea una sababu nyingi, na bushi za reki ni mojawapo tu. Kwa hiyo kipimo hutangulia.

Anza na kile kisichohitaji spana. Upepo wa matairi ukiwa chini, au matairi yakiwa yamelika upande mmoja, gari litatangatanga hata kama kila kitu kingine ni kipya. Ukishaondoa shaka hiyo, nyanyua upande wa mbele, liweke gari juu ya stendi imara, kisha shika gurudumu kwa mikono miwili kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi na viungo vyake vya ndani. Shika juu na chini, utikise tena. Likicheza hapo, shuku beringi ya gurudumu au boljointi. Kagua pia kiungo kilicho chini ya mhimili wa usukani, ambacho kikilika hutoa mgongano unaofanana sana na wa bushi.

Kipimo cha bushi zenyewe kinahitaji watu wawili na magurudumu yenye uzito wa gari juu yake, kwa sababu gurudumu linaloning'inia halina upinzani wa kutosha kuisukuma reki. Panda na magurudumu ya mbele juu ya njia mbili za mteremko zilizoundwa kwa kazi hiyo, zuia magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono na zima injini. Ufunguo ubaki katika nafasi inayoachia kufuli la usukani. Chora mstari mmoja wa chaki unaovuka kutoka kwenye kibano hadi kwenye ganda la reki. Msaidizi azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, si zaidi ya robo mzunguko, huku wewe ukiutazama mstari. Ukivunjika na kuwa vipande viwili vinavyopishana kila anapogeuza, jibu umelipata. Usitambae chini ya gari ambalo injini yake inaunguruma ili kufanya kipimo hiki, hata kama utaambiwa kwamba pawa stelingi hulionyesha tatizo vizuri zaidi.

Wakati uko hapo chini, zitazame raba za kukunjana zilizo katika ncha za reki. Zikiwa zimepasuka, mchanga umeingia. Zikiwa zimejaa mafuta, sili za ndani zimekufa, na hapo ndipo maneno ya fundi kwamba reki imekwisha yanakuwa ya kweli. Bushi mpya haziwezi kuiponya reki inayovuja.

Mpira wa aina gani

Sokoni kuna chaguo tatu. Ya kwanza ni bushi za mpira kama zile za kiwandani. Ya pili ni bushi za poliyurethani, plastiki ngumu yenye rangi nyekundu, njano au nyeusi, inayopendwa na washindani wa mbio. Ya tatu ni vipande vilivyochongwa kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu.

Ya tatu iachwe. Mpira wa tairi una nyuzi ndani yake, haukuchongwa kwa kipimo, na kibano hakiwezi kuubana sawasawa pande zote. Kipande cha tairi kinaweza kumfikisha mtu nyumbani kutoka Masasi, lakini hakifai kuachwa hapo kwa mwaka mzima.

Kati ya hizo mbili zilizobaki, mashabiki wa Subaru wengi watataka poliyurethani. Wanakumbuka kwamba Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na wanaamini kwamba kilicho kigumu ndicho bora. Ni kweli kwamba poliyurethani huufanya usukani kuwa mkali na haidhuriki haraka na mafuta. Lakini kila jiwe la changarawe litafika mikononi mwa dereva, na mtikisiko ambao bushi imekataa kuumeza utamezwa na kitu kingine, kwa mfano viungo vya tairodi. Kwa gari linalotembea Mtwara mjini na kuishia Mikindani, poliyurethani inavumilika. Kwa gari linalopanda Newala au kushuka Kilambo, mpira wa kiwandani ndio unaofaa, na hayo ndiyo maoni ya mwandishi wa makala haya.

Wakati wa kuagiza, tumia namba ya fremu ya gari na si jina la modeli peke yake. Impreza mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na reki tofauti. Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam huweza kutuma mzigo kwa basi, na ni busara kumtumia muuzaji picha ya bushi ya zamani pamoja na vipimo vyake, kwani kurudisha kifurushi umbali wa zaidi ya kilomita 500 kunachosha.

Ardhi ya kufanyia kazi

Hapa inabidi kukaa kidogo, kwa kuwa hakuna sehemu ya kazi hii inayoweza kuua mtu haraka kama hii.

Ua wa nyumba nyingi za Mtwara ni wa mchanga. Jeki iliyowekwa juu ya mchanga hunyanyua gari vizuri, kisha taratibu huanza kuzama upande mmoja, na mtu aliye chini haoni. Tafuta sakafu ya zege iliyo tambarare. Kama haipo, weka chini ya jeki na chini ya kila stendi ubao mgumu mpana, usiopungua unene wa sentimita 4, au bamba la chuma, juu ya ardhi iliyoshindiliwa.

Matofali ya saruji yasitumike kabisa kulishikilia gari. Tofali hubeba uzito mkubwa ukishuka juu yake kwa usawa, lakini uzito ukigusa kona moja tu hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Jeki nayo si stendi: kazi yake ni kunyanyua, na ikishanyanyua uzito uhamishiwe kwenye stendi mbili zilizo katika sehemu zilizoimarishwa za fremu. Ukimaliza, lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya. Magurudumu uliyoyafungua yalaze chini ya kingo za gari, ili kama lolote litatokea liangukie hapo.

Asiwepo mtoto karibu, na usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani.

Kuzibadilisha

Maelezo yanayofuata yanahusu muundo unaoonekana kwenye Impreza nyingi za vizazi vya mwanzo, ambapo ganda la reki hushikwa kwenye krosimemba kwa vibano vya chuma vilivyopinda, na bushi zikiwa zimepasuliwa upande mmoja ili ziweze kuvikwa bila kung'oa reki yote.

Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti utakayoifungua, zikiwemo nati za ekzosi. Katika mji wa pwani hatua hii isirukwe. Bolti ya kibano ikikatikia ndani ya krosimemba, kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya wiki nzima. Angalia mafuta hayo yasimwagike kwenye raba zilizo nzima.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nyoosha magurudumu ya mbele na uufunge usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Ondoa waya hasi wa betri. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, kisha nyanyua kama ilivyoelezwa na utoe magurudumu ya mbele. Fungua kinga ya chini ya injini. Kwenye Impreza utakutana na bomba la mbele la ekzosi, pamoja na bamba la chuma lililo chini ya krosimemba. Vyote hivi huzuia mkono kufika kwenye vibano, na mara nyingi ni lazima vishushwe. Andaa gasketi mpya za ekzosi, kwa kuwa za zamani hazifai kurudishwa.

Safisha eneo la vibano kwa brashi ya waya. Weka alama inayoonyesha kila kibano kilikaa upande gani na kikiangalia wapi. Kisha tegemeza ganda la reki kwa kipande cha mbao juu ya jeki ndogo, bila kulisukuma.

Fungua kibano kimoja tu. Cha pili kibaki kimefungwa, ili reki isihame mahali pake. Hii ndiyo siri ya kuifanya kazi hii bila kugusa mabomba ya mafuta wala mhimili wa usukani, na ndiyo inayoitofautisha na kazi ya kung'oa reki.

Toa bushi ya zamani kwa bisibisi bapa, taratibu, usilikwaruze ganda. Kabla ya kuitupa, itazame. Iliyopasuka na kukauka imekufa kwa uzee. Iliyovimba na kunata imeuawa na mafuta, na unajua sasa kwamba kuna mahali panapovuja. Iliyong'aa upande wa ndani kama kiatu kilichopigwa rangi imesuguliwa na ganda lililokuwa likicheza kwa muda mrefu.

Ondoa kutu yote kwenye ganda na ndani ya kibano mpaka chuma kiwe laini, ufute kwa kitambaa kikavu. Kama kutu imekula sana, paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu na uiache ikauke. Bushi ya mpira ilowanishwe kwa maji ya sabuni tu ili iteleze. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini vinatokana na petroli na vitauua mpira huo mpya tangu siku ya kwanza. Bushi za poliyurethani huja na grisi yake maalumu, na hiyo ndiyo itumike.

Vika bushi mpya huku upande wake bapa ukikaa kwenye krosimemba na mpasuko ukielekea ulikoelekea wa zamani. Rudisha kibano, anza bolti zote kwa vidole mpaka ziingie angalau mizunguko mitatu, kisha kaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili mpira ubanwe sawa. Kibano kikigoma kukaa chini hata kwa kiasi kidogo, usikilazimishe kwa bolti. Toa bushi uhakikishe kwamba ni ya gari lako.

Ukazaji wa mwisho ufanywe kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari husika. Wapo wanaoamini kwamba kukaza zaidi ni usalama zaidi. Bolti hizi huingia kwenye hesi za krosimemba, na hesi zikishanyofoka hakuna kibano kitakachoshika tena mahali hapo.

Upande wa kwanza ukikamilika, nenda wa pili na urudie vivyo hivyo.

Zilizoshindiliwa ndani ya masikio ya reki

Magari mengine yana bushi za mviringo zilizoshindiliwa ndani ya masikio ya ganda, na bolti hupita katikati yake. Hizi hazivikwi kwa mkono. Reki hutolewa yote, na bushi husukumwa kwa mashine ya kushindilia. Wapo wanaotumia bolti ndefu, washa pana na kipande cha bomba kama mashine ya kienyeji, na inawezekana, lakini nyundo isiguse masikio hayo. Mengi ni ya aluminiamu na hupasuka.

Atakayeamua kuitoa reki aweke alama kwenye kiungo cha mhimili wa usukani kabla ya kukiachanisha, na usukani usizunguke hata mara moja wakati kiungo kiko wazi. Nyuma yake kuna utepe wa waya uliojikunja unaopeleka umeme kwenye mfuko wa hewa wa usalama, na ukizungushwa kupita kiasi hukatika. Mabomba ya haidroli yazibwe mara tu yanapofunguliwa, kwa kuwa punje moja ya mchanga inatosha kukwaruza sili. Baada ya kurudisha, jaza mafuta yaliyoelekezwa kwa gari hilo na utoe hewa kwa kuzungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, magurudumu yakiwa juu na injini ikiwa imezimwa, mpaka mapovu yaishe. Kwa asiye na uzoefu, huu ndio mpaka. Gereji yenye mashine ya kushindilia itaifanya kazi hii kwa muda mfupi na kwa uhakika zaidi.

Kabla ya kuingia barabarani

Rudisha ekzosi na kinga, funga magurudumu, lishushe gari na ukaze nati za magurudumu likiwa chini. Washa injini, zungusha usukani taratibu pande zote mbili bila kuung'ang'aniza mwishoni, uchungulie kama kuna tone la mafuta. Mwendo wa kwanza uwe wa polepole, mahali pasipo na watu, pamoja na kusimama mara kadhaa. Mgongano ukiwa bado upo, si bushi, au si bushi peke yake.

Usukani unaweza kukaa upande kidogo ingawa gari linakwenda moja kwa moja. Ni jambo la kawaida, kwani reki iliyokuwa imesogea sasa imerudi mahali pake, na huenda mtu aliwahi kupanga magurudumu ikiwa bado imesogea. Usiung'oe usukani kuunyoosha. Lipeleke gari likapimwe na kupangwa magurudumu kwa mashine. Asiyefanya hivyo ataona matairi ya mbele yakilika upande mmoja, na bei ya tairi moja huenda ikazidi bei ya bushi zote alizonunua.

Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini ya gari na upime tena bolti za vibano. Mpira mpya hukaa, na bolti iliyokazwa sawasawa siku ya kwanza inaweza kuhitaji kuguswa kidogo. Tazama pia mstari wa chaki kama bado unaonekana, au uchore mwingine.

Kwa wanaoshuka Msimbati, sehemu ya chini ioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, vibano vya reki vikiwemo. Bomba la kawaida la bustani linatosha, kwani maji ya mashine yenye mgandamizo mkubwa yakielekezwa karibu kwenye raba za ncha za reki huusukuma ndani mchanga uleule unaojaribu kuutoa.